Bweni, shea hausi au apato: ukifika Japani upange wapi?

Mwaka wa masomo Japani huanza Aprili, kwa hiyo ikifika Januari simu yangu haitulii. "Kaka, chuo wamenipa chumba bwenini, ila mwaka mmoja tu. Nichukue, au nitafute changu mapema?" Mwingine: "Nimeambiwa shea hausi haina usumbufu, ila choo ni cha wote. We unaonaje?" Huwa nakosa jibu la neno moja, maana nimekaa kote kutatu, na kila mahali nilikuwa na sababu ya kufurahi na sababu ya kuhama. Nilianza na mwaka mmoja bwenini mkoani Hiroshima, ukafuata mwaka na nusu kwenye shea hausi Itabashi, Tokyo, na sasa nina mwaka wa nne kwenye apato huko Kawaguchi, ng'ambo ya mto Arakawa ukitokea Tokyo.

Majina kwanza. Bweni ni bweni, la chuo au la kampuni. Shea hausi ni nyumba ambayo una chumba chako chenye ufunguo, lakini jiko, bafu na choo ni vya wapangaji wote. Aliyewahi kupanga chumba uswahilini ameshaelewa. Apato ni makazi yako mwenyewe ndani ya jengo la ghorofa mbili au tatu, mara nyingi la mbao au chuma chepesi. Jengo kubwa la zege huitwa manshon, na jina lisikubabaishe, ndani vyumba ni vidogo vilevile. Ukubwa hupimwa kwa jo, yaani mkeka mmoja wa tatami. Chumba cha jo 6 ni kama mita za mraba 10: godoro, meza, na nafasi ya kugeuka.

Nitalinganisha kwa mambo sita: fedha, karatasi na mdhamini, watu na lugha, jiko na bafu, taka na kanuni, halafu jengo lenyewe. Hayana uzito sawa. Mtu anayefika na yeni 150,000 mfukoni, jambo la kwanza linaweza kumaliza mjadala peke yake. Kuna na jambo la saba ambalo hakuna dalali atakayekutajia, nalo ndilo lililonifanya nihame mara mbili: ukikosea, nani atakwambia? Utaliona likijitokeza huko chini.

Fedha

Bwenini nililipa yeni 18,000 za mwezi wa kwanza na amana ya 20,000, nikapewa ufunguo. Mabweni mengi ya vyuo vya umma kwa wanafunzi wa kigeni yapo kati ya yeni 10,000 na 30,000 hivi kwa mwezi. Uliza kama umeme na maji vimo ndani, na kama matandiko yanakodishwa. Utasikia pia hadithi za bweni la Yoshida la Chuo Kikuu cha Kyoto, la mbao, la mwaka 1913, ambako wanafunzi kwa miaka mingi walikaa kwa kama yeni 2,500 kwa mwezi huku wakijiendesha wenyewe. Hadithi ni ya kweli, na ni kweli pia kwamba mwaka 2019 chuo kiliwapeleka mahakamani kikitaka watoke. Usipange bajeti yako juu ya hadithi hiyo.

Shea hausi yangu ilikuwa yeni 48,000 za chumba na 12,000 za pamoja: umeme, maji, gesi, intaneti, sabuni ya vyombo, karatasi za choo. Jumla 60,000, na amana ya kuingilia 30,000. Kwa yeni 90,000 nilikuwa ndani, kitanda kipo, friji ipo, mashine ya kufulia ipo.

Apato sasa. Nayo kodi yake ni yeni 60,000, na hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Siku ya kusaini karatasi ilinisomea hivi: kodi ya mwezi wa kwanza 60,000, amana 60,000, kilemba 60,000, dalali na kodi yake ya serikali 66,000, kampuni ya udhamini 30,000, bima ya moto ya miaka miwili 18,000, kubadilisha kitasa 18,000. Jumla yeni 312,000.

Kilemba wanakiita reikin, maana yake fedha ya shukrani. Unamshukuru mwenye nyumba kwa kukubali kukupangisha, na shukrani hairudi. Mtu wa Kariakoo au Mombasa hahitaji kueleweshwa hilo, na dalali kuchukua mwezi mmoja ni mambo tuliyoyazoea. Kilichonikereketa ni kingine. Dar ukilipa miezi sita mbele, umelipa miezi sita, utailala yote. Hapa nimelipa zaidi ya miezi mitano na nimenunua mwezi mmoja tu wa kulala. Na chumba unakikuta kitupu hasa. Usiku wa kwanza nilibonyeza swichi, hakuna kitu: dari ilikuwa na soketi ya plastiki tu, taa unanunua mwenyewe. Pazia hakuna. Jiko la gesi hakuna. Nilikula mkate gizani kwa mwanga wa simu, nimekaa juu ya begi.

Nikipiga hesabu ya miaka miwili kwa bei nilizolipa mimi: shea hausi inafika yeni 1,470,000, kama 61,000 kwa mwezi. Apato, ukiongeza umeme, gesi na maji vya kama 10,000 kila mwezi pamoja na vyombo vya mitumba vya 80,000, inafika yeni 2,012,000, kama 84,000 kwa mwezi, ingawa kodi iliyoandikwa ni ileile 60,000. Mwaka wa tatu na wa nne apato hushuka hadi kama 72,500, hata ukihesabu ada ya kuhuisha mkataba, ambayo Tokyo na mikoa ya jirani kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo apato, ingawa bado iko juu ya shea hausi, huanza kuvumilika kwa anayekaa. Anayepita, inamla.

Linganisha na mapato yako halisi. Mwanafunzi mwenye kibali cha kufanya kazi anaruhusiwa saa 28 tu kwa wiki wakati wa masomo. Usikubali mtu akwambie kwamba "kodi utaipata hukohuko" bila kuzidisha saa 28 kwa malipo ya saa moja, kisha ukatoa ada ya shule.

Karatasi na mdhamini

Bwenini chuo ndicho mdhamini wako kwa namna fulani: unasaini, unahamia. Wiki ya kwanza mwanafunzi mmoja wa zamani alitukusanya tisa akatupeleka ofisi ya mji kusajili anwani, jambo ambalo sheria inataka lifanyike ndani ya siku 14 tangu kuhamia. Anwani huandikwa nyuma ya kadi ya ukaazi, na bila hiyo hupati benki wala laini ya simu ya mkataba. Kwenye shea hausi niliandikishana mkataba kwa barua pepe, nikiwa bado Hiroshima; walitaka nakala ya kadi, kitambulisho cha chuo na namba ya simu ya mtu mmoja wa dharura. Hawakuniuliza mengine.

Apato ni hadithi nyingine, na hapa sitapunguza maneno. Wizara ya Sheria ya Japani ilitoa mwaka 2017 matokeo ya utafiti kwa wakazi wa kigeni: kati ya waliokuwa wametafuta nyumba katika miaka mitano iliyotangulia, karibu 4 katika kila 10 walikuwa wamekataliwa kwa sababu ni wageni. Mimi niliyaona hayo mezani kwa dalali. Kijana mpole, suti nyeusi, alinipa chai ya baridi kwanza. Kisha akawa anawapigia wenye nyumba mmoja mmoja mbele yangu. Kila simu ilianza vilevile: mteja ni mgeni, lakini anaongea Kijapani, ana kazi. Halafu anasikiliza. Halafu anavuta hewa katikati ya meno, ssss. Mara ya kwanza damu ilinichemka. Kwetu mtu mzima akisonya mbele yako amekutukana. Nikaja kujua kwamba kwao sauti ile ni ya mtu aliyebanwa, anayetafuta njia ya kukupa habari mbaya bila kuitamka. Akikata simu anainamisha kichwa na kupishanisha vidole viwili vya shahada vikawa alama ya X. Simu 7, mbili zikakubali. Hakuna aliyeniambia sababu. Dalali alisema tu kwamba chumba "ni kigumu kidogo".

Ukikubaliwa bado utapitia kampuni ya udhamini, ambayo hulipwa na wewe ili imhakikishie mwenye nyumba. Unailipa ada ya kuanzia, mara nyingi nusu ya kodi hadi kodi nzima, na bado wataka namba ya Mjapani wa dharura. Mimi nilimtoa msimamizi wangu wa kazi. Kama kampuni yako inapanga nyumba kwa jina lake na kukukata kwenye mshahara, kubali. Mlima huo wote wanaupanda wao.

Wengi wanaofika hawajui kuna njia ya pembeni iitwayo UR, nyumba za shirika la umma. Hazina kilemba, hazina dalali, hazina mdhamini, hazina ada ya kuhuisha. Unaweka amana ya miezi miwili. Masharti ni kipato: kwa kawaida mshahara wa mwezi uwe mara nne ya kodi, au uwe na akiba ya kutosha, au ulipe kodi ya mwaka mzima mbele. Hilo la mwisho, kwa aliyezoea Dar, ni jambo la kawaida kabisa.

Watu na lugha

Bwenini sikuwahi kuwa mpweke hata siku moja. Ghorofa yetu ilikuwa na Waindonesia, Wavietnamu, Mmisri mmoja, Wakenya wawili. Jumamosi kulikuwa na sufuria kubwa ya kitu chochote. Tatizo lake ni hilohilo: baada ya miezi kumi nilijua kuhesabu kwa Kiindonesia, na Kijapani changu kilikuwa bado cha dukani. Msimamizi wa bweni, mzee aliyestaafu, alituongelesha taratibu kama watoto na kutusamehe kila kitu. Tulikuwa wageni kweli, kwa maana ya wageni wanaoandaliwa chai.

Kwenye shea hausi tulikuwa wanane, Wajapani watano. Hapo ndipo nilipojifunza lugha kwa lazima na kwa raha. Kuna kitu cha Kijapani kinachofanana na hodi na hakifanani. Vijijini, mzee bado anaweza kusogeza mlango wa jirani na kuita "gomen kudasai", hodi kamili, akisubiri mtu atoke ndani. Mjini hakuna anayepiga hodi bila miadi, na hata akialikwa, anapovua viatu husema "ojama shimasu", yaani samahani nakusumbua. Mwenyeji mwenyewe akirudi kwake husema "tadaima", nimerudi, na aliye ndani hujibu "okaeri". Pale Itabashi mlango ukifunguka, mtu akisema tadaima, sauti ilitoka jikoni, "okaeri!", kabla hata hawajajua ni nani. Siku nikiwa nimechoka na mkutano uliochukua saa tano, neno lile lilinitosha. Sasa Kawaguchi naliambia friji.

Na kweli, apato ni kimya. Miezi sita baada ya kuhamia, mama alinipigia.

"Majirani zako wazuri?"

"Hawana neno, mama."

"Wa mlango wa pili anaitwa nani?"

Nikanyamaza. Kwenye mlango wake hakuna jina, na kwenye sanduku lake la barua kuna mkanda wa gundi.

"Miezi sita, mwanangu?" akasema. "Hata kama hamsalimiani, jina tu?"

Zamani aliyehamia alipita milango ya jirani na zawadi ndogo, taulo au tambi za soba. Mitaa ya familia bado wanafanya. Majengo ya wapangaji wa chumba kimoja wengi wameacha, na wasichana wanaokaa peke yao hupendelea kabisa wasijulikane. Nilipeleka vifurushi vitatu vya kahawa ya Kilimanjaro. Wawili walifungua mlango sentimita kumi wakashukuru sana. Mmoja hakufungua, nami nikakiacha kwenye kitasa. Kesho yake nilikuta kwenye kitasa changu boksi la biskuti, bila karatasi, bila jina. Tumelipana. Hatujawahi kuonana.

Jiko na bafu

Bwenini jiko la pamoja lilikuwa na majiko ya umeme ya kubonyeza, na ugali ukikolea sufuria inateleza juu ya kioo kama mtoto kwenye tope. Moto unakatika ukiinua sufuria. Inawezekana, ila unahitaji mtu wa kushika mpini. Kwenye shea hausi tulikuwa na gesi, rafu ya friji yenye jina langu, na zamu ya usafi kila Jumapili. Kila kitu kilikwenda vizuri hadi nilipokaanga dagaa. Hakuna aliyesema neno. Kesho yake karatasi ilibandikwa juu ya jiko, kwa maandishi mazuri yenye kikatuni cha paka: "Tafadhali sote tukumbuke kuwasha feni tunapopika vyakula vyenye harufu." Sote! Aliyekaanga dagaa alikuwa mmoja.

Kwa anayefunga Ramadhani, uliza saa za jiko kabla ya kusaini. Sehemu nyingi za pamoja hutaka kimya kuanzia saa nne usiku, na daku ya saa kumi alfajiri yenye kisagio cha matunda itakuletea karatasi nyingine ya paka. Kwenye apato utapika utakavyo, lakini ukuta ni mwembamba. Mimi namsikia jirani akipiga chafya, kwa hiyo ananisikia nikitwanga kitunguu saumu. Nyama halali na unga si tatizo Tokyo, maduka ya Shin-Okubo yanatosha. Mikoani utaagiza kwa posta.

Bafu halina mengi. Bwenini kwetu maji ya moto yalikuwa ya sarafu, yeni 100 kwa dakika kumi. Kwenye shea hausi ni foleni ya asubuhi, na beseni la kuogea ambamo unaingia ukiwa umeshajisugua nje, maana maji yaleyale atayaingia mwenzako. Apato ina chako, kidogo kama choo cha basi.

Taka na kanuni

Hapa ndipo lile jambo la saba linapoonekana kwa macho. Japani kila mji una utaratibu wake wa taka. Kwingi zinazoungua hutolewa mara mbili kwa wiki, plastiki siku nyingine, chupa na makopo siku nyingine, na zote kabla ya saa mbili asubuhi. Kitanda au kabati unalipia stika. Mji mdogo wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, wao wanatenganisha taka katika mafungu zaidi ya 40, kwa hiyo usilalamike na matano yako.

Bwenini kulikuwa na chumba cha taka kilicho wazi siku zote, na yule mzee alipanga upya kila tulichochanganya. Mwaka mzima sikujua kama nakosea. Kwenye shea hausi kosa lilikuwa la "sote", likaandikwa, likabandikwa, na mwenye nalo akajijua. Kwenye apato hakuna anayekwambia, na kosa linabaki hapohapo. Wiki ya pili mfuko wangu uliachwa na gari, umebandikwa stika, na kunguru wakauona. Kila aliyepita kwenda stesheni aliuona pia. Jioni niliukuta mlangoni kwangu, umefungwa upya vizuri. Ndani kulikuwa na bahasha yenye jina langu, ndiyo walivyojua.

Aliyeurudisha alikuwa bibi wa chumba 101. Kesho yake aliningoja kwenye kizimba cha taka akiwa na chupa tupu ya chai mkononi. Hakunikaripia. Alifungua kifuniko, akakitia kwenye mfuko wa plastiki. Akachana ile nailoni laini inayozunguka chupa, nayo mfuko uleule. Akaikanyaga chupa kwa kandambili yake ikalala bapa, akaitia kwenye wavu wa chupa. Akanikabidhi chupa ya pili nifanye mimi. Nilipomaliza alisema "jozu", umeweza, kama mtu anavyomwambia mtoto wa chekechea, na tangu siku hiyo tunasalimiana. Ni jirani pekee ninayemjua jina.

Kanuni nyingine kwa kifupi. Wageni wa kulala: bweni hapana, shea hausi mara nyingi hapana, apato ndiyo, lakini mkataba wa mtu mmoja ni wa mtu mmoja. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba wa Japani hana jembe, ana kifungu cha mkataba, na binamu akikaa miezi miwili kitafunguliwa.

Jengo lenyewe

Nyumba nyingi hazina joto la pamoja. Januari, kwenye apato ya mbao, pumzi yako utaiona ukiwa kitandani, na madirisha ya kioo kimoja yatalia maji hadi ukungu uote kwenye pazia. Bweni letu la zege lilikuwa na nafuu kubwa. Shea hausi nyingi ni nyumba za familia za zamani zilizogeuzwa, nzuri kwa macho, baridi miguuni. Usiilete pasi yako kutoka nyumbani: umeme wa hapa ni volti 100, haitapata moto wa kutosha.

Tetemeko si la kubahatisha. Uliza mwaka wa jengo. Viwango vipya vya kuhimili matetemeko vilianza Juni 1, 1981, na jengo lililoidhinishwa kabla ya hapo ni la kufikiria mara mbili, hata kama kodi ni tamu. Kwa nyumba za mbao, zilizofuata marekebisho ya mwaka 2000 ni bora zaidi. Kwa shea hausi angalia pia kengele za moto na kama kila chumba kina dirisha, maana mwaka 2013 serikali ilianza kuzibana nyumba zilizogawanywa vyumba kinyume cha sheria za ujenzi, na kilichosababisha zijengwe, yaani kodi kubwa, bado kipo.

Utakuta pia tangazo la apato ya bei ya chini isivyo kawaida, lenye maneno "kuna jambo la kuarifiwa". Mara nyingi maana yake ni kwamba mtu alifia mle ndani katika hali isiyo ya kawaida. Mwongozo wa serikali wa 2021 unamtaka dalali amwambie mpangaji kwa kama miaka mitatu baada ya tukio. Mimi sikuthubutu. Rafiki yangu Mghana alisoma aya zake, akaingia, na analipa nusu ya kodi yangu.

Kwa hali yako

Ukifika kwa mara ya kwanza kwa udhamini wa masomo, na chuo kinakupa bweni, lichukue. Mwaka mmoja wa kodi ndogo utakujengea akiba ya zile laki tatu za apato, na kuna mtu wa kukushika mkono kwenye ofisi ya mji. Ila jilazimishe kutafuta Wajapani nje ya bweni tangu mwezi wa kwanza, klabu ya chuo, timu ya mpira, chochote.

Ukija shule ya lugha kwa fedha ya familia, au hujui kama utakaa Tokyo au utahamia Osaka baada ya miezi minane, shea hausi ndiyo yenye hasara ndogo ukihama. Inamfaa pia anayetaka Kijapani cha mdomoni haraka, ilimradi anaweza kusoma karatasi ya ukutani bila kununa. Kama usingizi wako ni mwepesi au kazi yako ni ya zamu za usiku, itakutesa.

Ukiwa na mkataba wa kazi wa miaka miwili kwenda mbele, mke au mume anakuja, au ibada na mapishi yako yana saa zake, apato. Jaribu kwanza nyumba ya kampuni, kisha UR, kisha madalali wenye mteja mgeni mezani siku ile unayopita. Piga picha kila ukuta siku ya kwanza. Sheria ya kiraia iliyorekebishwa na kuanza kutumika Aprili 2020 inasema uchakavu wa kawaida si juu ya mpangaji, na picha zitakusaidia kulisema hilo siku ya kurudisha ufunguo.

Aliyeshindwa kuamua aingie shea hausi kwa miezi michache, apite Januari hadi Machi, msimu ambao Japani nzima inahama na bei ziko juu, halafu aanze kukagua vyumba Mei au Juni. Ukienda kukagua, usiishie ndani. Zunguka hadi kizimba cha taka cha jengo, asubuhi baada ya gari kupita. Ukikuta wavu wa kuzuia kunguru umekunjwa, chini pamefagiliwa, na ubao wa ratiba umeandikwa upya kwa mkono, kuna mtu kwenye jengo hilo kama bibi wa 101.